Flashi tatu na deni lisilosomeka

Duka letu la vifaa vya ujenzi liko Ngamiani, Tanga. Tangu 2012 hesabu zake zilikaa kwenye programu moja ya kompyuta ya mezani: mauzo, stoo na, kubwa kuliko yote, mali kauli. Mama huwapa mafundi wa hadi Muheza na Pangani nondo na mabati, nao hulipa kazi ikiisha. Kampuni ya programu ile ilipotangaza kuiacha, nilisoma nikaendelea kuuza. Si inafunguka? Na kila Ijumaa nilikuwa naweka bakapu kwenye flashi. Nilikuwa nazo tatu.

Masika umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, bodi ikaungua. Nikapata kompyuta nyingine, nikaingiza programu kutoka kwenye sidii yake. Ikataka isajiliwe kwa intaneti. Namba ya leseni ilikuwa sahihi, ila seva ya kuithibitisha ilikuwa imeshazimwa. Faili lilikuwa zima kwenye flashi zote tatu, na sikuwa na kitu cha kulifungulia. Mama akaniuliza, "Mwanangu, yule fundi wa Pangani tunamdai kiasi gani?" Nilinyamaza. Ule ukimya bado unaniuma.

Aliyetuokoa ni mhasibu mmoja mzee wa Chumbageni. Laptopu yake ya zamani ilikuwa na toleo lilelile, limesajiliwa tangu zamani. Nikaanza kutoa ripoti kwa PDF. Akanizuia: "Binti, hiyo utaisoma, lakini kuijumlisha itakushinda. Toa na CSV." CSV ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, hata Notepad inaifungua, na programu nyingi za hesabu zinaipokea.

Tulitoa leja kuu yote, wateja, wauzaji, bidhaa za stoo, na urari, yaani muhtasari wa salio za hesabu zote, wa kila tarehe 31 Desemba. Kisha tukalinganisha jumla ya wadaiwa na ile ya urari. Zikapishana! Kumbe ripoti ilikuwa imechukua mwaka huu tu. Sikuchagua tarehe zote. Nisingelinganisha, ningeondoka na mwaka mmoja nikidhani nimebeba yote.

Nilipofungua orodha ya wateja kwenye Excel, kila namba ya simu ilikuwa imepoteza sifuri yake ya mbele. Dawa ni kuiambia Excel kuwa safu hiyo ni maandishi wakati wa kuingiza faili. Tarehe nazo zilianza na mwezi, kwa hiyo 03/04 ilisomeka Aprili badala ya Machi. Na kuna kilichokosekana kabisa: ankara zilikuwepo, malipo yalikuwepo, ila malipo yapi yalilipa ankara ipi CSV haikuonyesha. Ndipo PDF ya taarifa ya kila mteja ikawa na kazi yake.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, na karatasi ya risiti za EFD, mashine ya risiti za kodi, hufifia, kwa hiyo boksi la risiti nisingelitegemea peke yake.

Orodha ya madeni nimemchapia mama, ameiweka sandukuni pamoja na hati za duka. Mzee nimemnunulia betri mpya ya laptopu ile, nikamwomba asiifute programu wala asiiunganishe laptopu na intaneti. Bado kuna ankara za 2014 sijamaliza kuzioanisha na malipo yake.