Misumari ya Papa

Leo asubuhi nimefungua duka peke yangu, na kabla mteja wa kwanza hajaingia nimekaa kwenye kigoda cha baba yangu, Papa, kile ambacho mguu wake mmoja umefungwa kwa waya, nikaitazama mizani yake. Ni mizani ya zamani ya sahani mbili. Sahani ya misumari imekwaruzwa hadi rangi yote imeisha, ilhali ile ya mawe ya kupimia bado ina kijani pembeni. Papa alifariki mwezi wa nane mwaka 2024, na tangu hapo nimekuwa nikiahirisha kuandika habari zake, kwa kuwa kila nilipoanza nilijikuta naandika juu ya misumari. Leo nimeamua kuiacha misumari yenyewe iongoze.

Alizaliwa milimani karibu na Butembo, akafika Goma, mashariki mwa Kongo, mwaka 1978 akiwa kijana asiye na mtaji wowote isipokuwa mikono yake. Kazi yake ya kwanza ilikuwa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ya kubebea mizigo, akiteremsha viazi na kabichi kutoka Kibumba hadi sokoni. Anayeijua chukudu anajua kwamba magurudumu yake ya mbao huvikwa vipande vya tairi kuukuu vilivyopigiliwa misumari, na kwamba kipande kikilegea mteremkoni mwenye chukudu hupoteza mzigo, pengine na meno yake. Kwa hiyo Papa hakukosa misumari mfukoni. Wenzake walianza kwa kumwomba, wakaishia kununua, naye akaona kwamba kilichokuwa mfukoni kilimlipa kuliko kilichokuwa juu ya chukudu. Alitandika mkeka mtaa wa Birere, akajenga kibanda, na kibanda kikawa duka la misumari, mabati na kufuli.

Mwaka 1993 serikali ilileta fedha mpya, zaire mpya, moja kwa zaire milioni 3 za zamani, na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga moja ya Kongo. Papa, ambaye alikuwa amesoma miaka minne tu ya shule ya msingi, alilielewa somo hilo kuliko wengi wenye vyeti. "Noti ni mgeni," alizoea kumwambia Mama, "tumpe chai, aende zake." Faida yote aliigeuza kuwa misumari, akaipanga kwenye chumba cha nyuma, akaifunika kwa turubai isishike kutu. Fedha pekee alizokubali zilale ndani ya nyumba ni zile za makopo sita ya maziwa yaliyokuwa juu ya rafu, kopo moja kwa kila mtoto, ambamo alitia kitu kila jioni kwa ajili ya karo kabla hajala. Siku ambazo biashara ilikuwa mbaya tulisikia sarafu moja moja ikigonga bati, na sisi watoto tulijifunza kukadiria mapato ya siku kwa sauti hiyo.

Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipasuka, na lava ikapita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu. Tulivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, na maelfu ya watu, Mama akiwa amembeba kitinda mimba, Papa akiwa amebeba mizani hii begani. Niliona aibu wakati ule kwamba baba yangu alikuwa ameokoa chuma badala ya nguo. Tuliporudi, mahali pa duka palikuwa na mwamba mweusi uliokuwa bado unafuka, mrefu kuliko mimi. Akiba ya miaka yote ilikuwa chini yake, pamoja na makopo. Papa aliuzunguka mwamba ule mara mbili bila kusema neno, kisha akamwomba jirani kamba, akaanza kupima.

Duka la sasa limesimama juu ya duka la zamani. Ndiyo maana tunapanda ngazi tatu kuingia. Mji mzima ulikuwa ukijijenga upya kwa mbao, na misumari ilitafutwa kama dawa. Vijana waliokota misumari kwenye majivu ya nyumba zilizoungua, wakaileta kwa bei ya chini sana, na wapo wafanyabiashara waliotajirika kwayo. Papa aliikataa yote. Alichukua mmoja, akaupinda kwa vidole viwili mbele yangu kama anayepinda kijiti kibichi, akaniambia kwamba msumari uliopita motoni hauna nguvu tena, na mtu atalala na watoto wake chini ya paa ulilolishika. Aliuza ile mipya kwa mkopo, na kila mteja, hata wa robo kilo, alipata matabishi: mizani ikishatulia, Papa aliongeza misumari mitatu kwa mkono. Karo yetu ya mwaka ule aliilipa kwa kupigilia paa la shule yetu, Jumamosi baada ya Jumamosi, nasi tukiwa chini tumeshika ngazi.

Lipo jambo moja ambalo bado linaniuma. Alipoanza kukohoa alikataa kwenda kupimwa kwa miezi mingi, akisema mwezi huu mzigo kutoka Kampala unafika, mwezi ujao ni karo ya wajukuu. Sisi tuliokula jasho lake tulikubali maneno hayo upesi mno, kwa sababu tulizoea kumwona amesimama.

Mabenki ya Goma yalipofungwa mwanzoni mwa mwaka 2025, na watu wenye akiba wakakosa hata fedha za unga, tuliingia chumba cha nyuma na kuliondoa turubai. Tumekuwa tukila misumari yake tangu hapo, kilo baada ya kilo, naye hayupo kuambiwa.

Nimeiacha siku ya mazishi hadi mwisho kwa sababu ndiyo ninayoikumbuka vizuri zaidi. Seremala wa jeneza alikuja dukani asubuhi kuchukua misumari, akasita mlangoni, hakujua kama aombe au anunue. Kaka yangu mkubwa alimkaribisha, akauliza ni ya nane au ya kumi, akapima nusu kilo taratibu hadi sahani zikalingana, akaiandika kwenye daftari kwa jina la Papa, kisha akatoa fedha mfukoni mwake na kulipa. Seremala alikuwa ameshafunga karatasi pale kaka alipomzuia, akaifungua, akaongeza misumari mitatu.