Wote walinusa tembo, hakuna aliyeuliza sindano

Miaka miwili kila daktari niliyemwendea alininusa kwanza, akaandika baadaye: ini la pombe. Sikatai. Tembo la mnazi nimekunywa tangu ujana, gongo juu yake, na siku za mshahara konyagi. Lakini miaka ya tisini nilipita pia kwenye unga huko Ng'ambo ya Unguja mjini, watu wanne sindano moja, na hilo hakuna aliyeniuliza. Nami sikusema. Utajitangazaje uteja na shemeji yako kakaa pembeni?

Tumbo likajaa maji, macho yakawa rangi ya bizari. Shangazi akaapa ni jini. Nikapakiwa boti hadi Mkoani, Pemba, nikatapika njia nzima, kisha gari hadi kwa mganga mmoja upande wa Wete. Akanichemshia mizizi, ninywe asubuhi na jioni siku saba, nisioge kwa sabuni, na nisipite chini ya mkarafuu. Mkarafuu! Pemba! Kwenda chooni tu nilizunguka kama mwizi wa kuku. Siku ya tano nikatapika hadi nikaona nyota mchana. Jini halikutoka, ilitoka laki na ushei. Baadaye nikaambiwa mizizi usiyoijua huweza kulimaliza ini lililokwisha choka.

Aliyeniokoa ni muuguzi binti mdogo. Alimtoa shemeji nje, akasema, "Babu, usinione sina adabu, umewahi kujidunga?" Akanichoma kidole: homa ya ini C, ile ya kuambukizana kwa damu ya sindano. Siyo B, ambayo ina chanjo, C haina. Damu ikavuka kwenda Dar kutazamwa kama kirusi bado kipo, maana wapo wanaopona wenyewe. Changu kipo, tena kinakula sahani moja na pombe, na ini likizidi kupata makovu.

Mtu mmoja mwenye koti jeupe akanambia dawa hupewi mpaka umalize miezi sita hujaonja. Nikapoteza muda kwa neno hilo. Yule binti akaja juu: mlevi naye anatibiwa, pombe anaiacha huku akimeza. Nikaiacha. Ila usijifanye shujaa peke yako nyumbani. Siku ya pili nilitetemeka hata kikombe cha chai kikanishinda, ikabidi wanilaze. Pweza bila chumvi, tumbo lisijae maji tena, ndiyo adhabu yangu mpaka leo.

Vidonge ni sofosbuvir na daclatasvir, kila kimoja mara moja kwa siku. Kwa ini langu lilivyokuwa, wiki 24. Bei niachie, ndugu wa Dar walichanga.

Sasa hapa ndipo nilipojiona mjanja. Siku 168 nitazikumbukaje? Bao lina kete 64. Kila alfajiri nikimeza, natia kete moja shimoni. Likijaa natoa zote, naanza upya. Mara mbili, kisha kete 40, kwisha. Wenzangu wa barazani wakanuna, bao limegeuka duka la dawa. Nikalifungia chumbani. Siku ya tisini na kitu narudi kutoka Darajani, namkuta mpwa wangu na rafikiye wanacheza, keshamla mwenziwe nyumba nzima. Nilipiga kelele majirani wakadhani nimefiwa. Mpwa akanitazama: "Mjomba, si uhesabu vidonge vilivyobaki kwenye chupa?"

Sikumjibu.

Wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho nikapimwa tena: kirusi hakionekani. Makovu yapo palepale, ndiyo maana kila miezi sita napiga picha ya ini wachunguze saratani. Hivi karibuni kliniki moja wakanichoma kidole, wakaona mstari, wakaanza kunipa pole. Nikawatolea karatasi yangu ya Dar, ile ya kirusi kutoonekana: kile kipimo cha kidole kinaonyesha kingamwili, silaha za mwili dhidi ya kirusi, nazo hubaki hata ukishapona. Itunze karatasi yako, mie yangu ina plastiki.

Mpwa bado anadai lile bao lake nililolivuruga.