Binti kaanguka mstarini

Asubuhi simu ya mwalimu wa zamu: "Mama, njoo, binti ameanguka mstarini."

Ana miaka 13. Tangu augue malaria mwezi uliopita, chakula kimekuwa vita. Anachokoachokoa wali, anasukuma sahani. "Nimeshiba mama."

Nimekuta wamemlaza, miguu imepandishwa juu ya begi la madaftari, mwalimu anampepea kwa kanga. Nimempenda bure yule mwalimu: hakuruhusu mtu ammiminie maji mdomoni kabla hajazinduka vizuri. Si angepaliwa!

Hospitali: malaria hana. Damu 8.4, na kwa umri wake inatakiwa 12 kwenda juu. Kapewa vidonge vya madini ya chuma. Daktari kasema chai isinywewe pamoja na chakula, inazuia madini yale. Na asilazimishwe; ale kidogo kidogo, mara nyingi.

Basi jioni hii nimempikia dagaa na mchicha, ugali wa saizi ya ngumi yake. Mimi pembeni najifanya nachambua mchele, jicho liko kwenye sahani.

Tonge la kwanza kalizungusha mdomoni mpaka nikachoka mimi.

La pili likashuka.

Halafu, kwa sauti ndogo: "Mama, hakuna ndimu?"

Ndimu! Nimetoka mbio kwa jirani, peku, mchele umemwagika ukumbini. Kuku wameshautolea hukumu.

Wenzangu mliopitia haya, watoto wenu mliwapa nini kikakubali? Tajeni hata vya ajabu. Uji wa ulezi kashaukataa.