Mwaka wa tatu wa Elliot Cadeau

Tangu Elliot Cadeau atangaze, siku chache baada ya msimu wa 2024/25 kuwamalizikia, kwamba anaondoka chuo cha North Carolina nchini Marekani (baadaye akaenda chuo cha Michigan), kijiwe chetu cha kahawa hapa Majengo, Moshi, hakijapata mjadala mwingine wa mpira wa kikapu uliodumu kama huu. Wengine wanasema chuo kimepoteza mchezesha timu wake, wengine wanasema kimepata nafuu. Mimi nipo upande wa waliosikitika, na nataka kueleza sababu zangu kwa utulivu, kwa kuwa kijiweni hakuna anayenipa nafasi ya kumaliza sentensi.

Asiyetufahamu anaweza kujiuliza watu wa Moshi wanatafuta nini kwa namba moja, yaani mchezesha timu, wa Chapel Hill, mji kilipo chuo cha North Carolina. Jibu lake lipo mwaka 2009. Mwaka ule Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa futi saba na inchi tatu, aliifikisha UConn (chuo cha Connecticut) katika nusu fainali ya taifa huko Detroit, na wengi wetu tulianza kufuatilia vyuo vya Marekani kwa ajili yake. UConn ikafungwa na Michigan State kwa 82 kwa 73. Siku mbili baadaye North Carolina ikaipiga Michigan State hiyo hiyo 89 kwa 72 katika fainali, na aliyetutuliza machungu alikuwa mchezesha timu mfupi, mwenye kasi isiyo ya kawaida, Ty Lawson, ambaye alifunga pointi 21 na kupora mipira minane, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa na mchezaji yeyote katika mechi ya fainali. Kuanzia siku ile baadhi yetu tumebaki na rangi ya samawati ya Chapel Hill, na tumeendelea kukesha nayo, kwa sababu mechi nyingi za kule zinaanza huku kwetu alfajiri inakaribia.

Lawson alikuwa katika mwaka wake wa tatu chuoni, na hoja yangu yote imesimama juu ya jambo hilo. Ubingwa wa 2017, dhidi ya Gonzaga, timu iliongozwa na Joel Berry, ambaye naye alikuwa mwaka wa tatu. Ubingwa wa 2005, dhidi ya Illinois, mchezesha timu alikuwa Raymond Felton, mwaka wa tatu. Ubingwa wa 1993 alikuwa Derrick Phelps, mwaka wa tatu pia. Ukirudi hadi 1982, siku Michael Jordan akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alipofunga mtupo uliowapa ushindi wa 63 kwa 62 dhidi ya Georgetown, pasi ile aliipokea kutoka kwa Jimmy Black, ambaye alikuwa mwaka wa nne. Hakuna hata mmoja kati ya wachezesha timu hao aliyetwaa ubingwa kabla ya kukaa chuoni pale miaka mitatu. Msimu wa 2025/26 ungekuwa wa tatu kwa Cadeau, na ndio msimu ambao hakuwa nasi.

Mwalimu mmoja wa sekondari, ambaye ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote kijiweni, hakubaliani nami hata kidogo. Yeye anakuja na takwimu kichwani. Anasema Cadeau alikuwa akipoteza takriban mipira mitatu kwa kila mechi, kwamba walinzi wa timu pinzani walimwachia nafasi kwa kuwa hawakuogopa mtupo wake wa mbali, na kwamba mchezesha timu asiyeogopwa anawabana wenzake wanne, kwani mlinzi wake anabaki karibu na goli kuziba njia. Msimu uliishia kwa kufungwa na chuo cha Ole Miss 71 kwa 64 katika raundi ya kwanza ya mashindano ya taifa, na Mwalimu anauliza swali moja tu: “Huyo mnayemlilia alitufikisha wapi?”

Hoja hiyo ina uzito, ila inasoma takwimu upande mmoja. Cadeau aliingia chuoni mwaka 2023 akiwa amemaliza sekondari mwaka mmoja kabla ya wakati wake, na katika mwaka wa kwanza alifunga chini ya mtupo mmoja katika kila mitupo mitano ya pointi tatu. Mwaka wa pili alifunga karibu mmoja katika kila mitatu. Hayo ni maendeleo makubwa kwa kijana aliyekuwa akijifunza huku akiongoza timu inayotazamwa na nchi nzima. Zaidi ya hapo, alikuwa akitoa asisti, yaani pasi zinazozaa pointi, zaidi ya sita kwa mechi, na alizitoa kwa timu ambayo haikuwa na mtu mrefu wa kutegemewa chini ya goli tangu Armando Bacot alipomaliza masomo mwaka 2024. Dada mmoja wa kijiweni, muuguzi ambaye enzi zake alicheza namba moja katika UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, alilieleza jambo hili vizuri kuliko mimi. Alimwambia Mwalimu, kwa heshima lakini bila kupepesa macho: “Kaka, asisti ni ya watu wawili. Mimi nikikupa pasi mkononi ukakosa kufunga, daftari halinihesabii chochote, na nikikupa pasi ile ile ikakuponyoka, wanaweza kuniandikia mimi kuwa nimepoteza mpira.”

Kwa hiyo unapomtazama anakokwenda, uamuzi wake unaeleweka. Michigan, chini ya kocha Dusty May, iliwakusanya warefu katika kipindi hicho hicho cha uhamisho: Aday Mara kutoka UCLA, Yaxel Lendeborg kutoka UAB na Morez Johnson kutoka Illinois. Mchezesha timu ambaye kipaji chake kikubwa ni kuona mapema nani atakuwa wazi chini ya goli alikwenda mahali palipokuwa na watu wa kupokea anachokiona. Linaloniuma zaidi ni kwamba North Carolina nayo ilimpata mrefu wa aina hiyo, Henri Veesaar kutoka Arizona, mwenye futi saba, katika majira yale yale ambayo Cadeau alifunga mizigo. Kwa miaka miwili tuliulizana kijiweni ingekuwaje kijana huyu angekuwa na mtu wa kumrushia mpira juu ya goli. Mtu huyo alifika na mrushaji akaondoka.

Mzee wetu, aliyestaafu serikalini na anayeheshimiwa na wote, halalamikii takwimu. Yeye analalamikia uaminifu. Kwake yeye, kuondoka kwa Cadeau ni sawa na Clatous Chama alipotoka Simba kwenda Yanga mwaka 2024: umekula chumvi yetu, tumeliimba jina lako, kisha unavaa jezi ya watu wengine. Na kwa kuwa ni Michigan, ambayo ndiyo iliyofungwa na North Carolina katika fainali ya 1993, Mzee anaona kidonda kimetiwa ndimu.

Nilimjibu Mzee kwamba simlaumu kwa uchungu wake, lakini lawama ameipeleka pasipostahili. Kwa miaka mingi mchezaji wa kikapu wa chuo aliyetaka kuhama alihitaji ruhusa ya chuo chake ili hata azungumze na kocha wa kwingine, na akishahama alikaa mwaka mzima bila kucheza. Mfumo wa uhamisho ulioanza Oktoba 2018 uliondoa sharti la ruhusa. Mwaka 2021 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, kiliruhusu uhamisho wa mara moja bila adhabu ya kukaa nje, na mwaka 2024 kikaondoa kikomo kabisa mradi mchezaji awe sawa kimasomo. Wakati wote huo makocha walikuwa wakihama watakavyo. Niko Medved aliiacha Colorado State na kwenda Minnesota mara tu msimu wake ulipoisha Machi 2025, na Dusty May mwenyewe aliiacha Florida Atlantic mwaka 2024. Sijamsikia mtu akiwaita wasaliti. Ikiwa mtu mzima mwenye mkataba na mshahara mnono anaruhusiwa kutafuta mahali pazuri zaidi, kijana wa miaka 20 hawezi kunyimwa haki hiyo kwa sababu sisi tumezoea kuliona jina lake mgongoni mwa jezi tuipendayo.

Fedha nazo zimo, na si siri. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na tarehe 6 Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano yanayoviwezesha vyuo, kuanzia Julai 1, kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza kwa michezo yote ya chuo. Hata hivyo, tofauti na soka, ambako mchezaji mwenye mkataba akiondoka klabu yake hupokea ada, hapa chuo kilichomlea mchezaji kwa kawaida hakiambulii kitu. Ndiyo maana ninapouliza nani amepoteza, siwezi kuishia North Carolina.

Tazama mnyororo ulivyo. Michigan ilimhitaji Cadeau kwa sababu mchezesha timu wake, Tre Donaldson, alihamia Miami. Na Donaldson huyo Michigan ilikuwa imemchukua Auburn mwaka mmoja tu nyuma. North Carolina nayo, baada ya kuondokewa, ilimchukua Kyan Evans wa Colorado State, ambako mashabiki walikuwa wamefungwa na Maryland 72 kwa 71 kwa mtupo wa Derik Queen wa sekunde ya mwisho, wakaondokewa na kocha, kisha wakaondokewa na namba moja wao, yote ndani ya majuma machache. Maumivu tuliyonayo sisi wa Majengo ni yale yale tuliyowapelekea wao, na kwa shabiki wa kule ni makubwa zaidi, kwa sababu yeye hana chuo kidogo zaidi kilicho tayari cha kwenda kuchota.

Mwalimu hapo ndipo alipoona amenishika. Alisema Evans naye amekaa Colorado State miaka miwili, kwa hiyo anakuja Chapel Hill kuanza mwaka wake wa tatu, na hivyo tumepewa mwaka wa tatu badala ya mwaka wa tatu, tena wa mtu anayefunga vizuri kutoka mbali. Akaongeza kwamba Walter Clayton aliyeipa Florida ubingwa wa 2025 alianzia Iona, na Tristen Newton aliyeongoza UConn kutwaa ubingwa wa 2023 na wa 2024 alikuwa amecheza East Carolina miaka mitatu. Kwa hiyo, kwa mujibu wake, ukomavu unanunulika.

Nimelifikiria jibu hili kwa muda mrefu kuliko mengine yote, kwa kuwa ni kweli kwamba ukomavu unahamishika. Lakini nikirudi kwa wale watatu wa mwisho wa Chapel Hill, naona jambo ambalo hesabu ya miaka peke yake hailioneshi. Felton aliingia chuoni mwaka 2002 pamoja na Sean May na Rashad McCants, wakabadilishiwa kocha mwaka uliofuata, na bado walikuwa pamoja mwaka 2005. Lawson na wenzake walichapwa na Kansas 84 kwa 66 katika nusu fainali ya 2008, wakarudi wengi wao mwaka uliofuata ilhali baadhi yao wangeweza kwenda ligi ya kulipwa ya NBA. Berry na Justin Jackson walipoteza fainali ya 2016 kwa Villanova, 77 kwa 74, kwa mtupo wa Kris Jenkins wakati muda ukiisha, na mwaka mmoja baadaye wakaimaliza kazi. Hao walikuwa wameshindwa pamoja. Mchezesha timu aliyeshindwa pamoja na wenzake anajua nani hutetemeka mpira ukimfikia zikiwa zimebaki sekunde 40, na nani huomba mpira kwa macho. Clayton naye alitwaa ubingwa katika mwaka wake wa pili Florida, baada ya mwaka mmoja wa kujifunza watu wake wapya. Mambo hayo mchezaji hahami nayo. Anayaanza upya kila anapohama.

Haki inanitaka niseme pia kwamba hata Cadeau angebaki, wenzake wa kushindwa naye walikuwa wameshatawanyika. RJ Davis alimaliza miaka yake mitano, Drake Powell akaenda NBA, Ian Jackson akahamia St. John's, Jalen Washington akaenda Vanderbilt na Ven-Allen Lubin akaenda NC State. Aliyebaki wa kutajika alikuwa Seth Trimble. Dada muuguzi anaona kwamba jambo hilo linaibomoa hoja yangu. Mimi naona linaipa nguvu, kwa sababu timu inapobomoka kiasi hicho, mtu wa kwanza wa kumshikilia ni yule anayebeba mpira, ili wanaokuja wamkute mwenyeji. Mwaka 2025 chuo kilimwajiri Jim Tanner, aliyekuwa wakala wa wachezaji, kusimamia mambo haya ya mikataba na uhamisho, na ningependa kuamini kwamba kuanzia hapo kumbakiza mchezesha timu kutapewa uzito ule ule unaopewa kutafuta wapya.

Evans alikuja akiwa na misimu miwili ya kucheza. Msimamo wangu, ambao niliusema kabla ya msimu kuanza mbele ya Mwalimu, Dada na Mzee, ulikuwa kwamba kocha Hubert Davis amkabidhi mpira tangu mechi ya kwanza ya Novemba 2025, amwache akosee na Veesaar na Trimble wakiwa pembeni yake, asimtoe nje kila anapopoteza mpira, na ikifika Machi 2026, kabla hajampigia simu mchezaji yeyote wa chuo kingine, aketi naye kwanza amwombe abaki.