Jumamosi Rangi Ilipokunjamana

Masika ya 2017 nilikuwa na miezi saba tangu nistaafu. Nilikuwa nimehamia kwa binti yangu Kinondoni, na mtaani nilikuwa simjui mtu zaidi ya muuza genge. Siku zilifanana mpaka nikawa siitofautishi Jumanne na Alhamisi. Binti ndiye aliyeniandikisha darasa la kuchora Tingatinga, ule mtindo wa picha za wanyama kwa rangi ya mafuta: kila Jumamosi, saa tatu hadi saa sita, watu tisa kwenye meza tatu. Siku ninayoikumbuka kuliko zote ni Jumamosi ya tatu, picha yangu ilipoharibika.

Wiki ya kwanza hatukuchora kitu. Tulikata kitambaa cha marekani sentimita 60 kwa 60 kwa ajili ya fremu ya 50 kwa 50, ili kila upande ubaki na sentimita 5 za kukunjia nyuma. Msumari wa kwanza unapigwa katikati ya ubao, wa pili katikati ya ubao unaotazamana nao, kisha pande mbili zilizobaki. Baada ya hapo ndipo unasogea kidogo kidogo kuelekea kwenye pembe. Ukianzia kwenye pembe, kitambaa kinafanya mawimbi na hakuna rangi itakayoyaficha. Kuvuta na kugonga kwa pamoja hakuwezekani kwa mikono miwili, kwa hiyo jirani yangu wa meza alinishikia fremu kabla hata hatujaulizana majina. Tukamaliza kwa kupaka rangi nyeupe ya maji mara mbili, ili kitambaa kisinywe rangi ya mafuta.

Rangi yenyewe ni ile ile ya kupakia mageti na madirisha. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru ambaye mtindo huu unaitwa kwa jina lake, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi ya baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, vitu vilivyokuwa karibu na mkono wake. Alifariki 1972, miaka minne tu baadaye, lakini alikuwa ameshawaketisha ndugu na vijana wachache pembeni yake, wakajifunza kwa kumtazama. Kwetu pia ilikuwa hivyo. Kopo likishafunguliwa linaanza kufunga utando juu, basi si busara kila mtu afungue lake. Meza moja ilipewa makopo matano: nyeupe, nyeusi, nyekundu, njano na bluu. Ukitaka njano na iko kwa mwenzako, lazima ufungue mdomo uombe.

Wiki ya pili tulipaka rangi ya nyuma: bluu juu, nyeupe chini, halafu zikiwa bado mbichi unapitisha brashi ya inchi mbili kwa ulalo mpaka zichanganyike katikati kama anga la alfajiri. Mwalimu alielekeza vifuniko viwili vya soda vya thina, ile dawa ya kulegezea rangi, kwa nusu kikombe cha rangi. Mimi sikutia thina. Niliona rangi nzito ndiyo itakayong'aa.

Jumamosi ya tatu mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo. Nilipapasa picha yangu, ikawa kavu. Nikachora kanga kwa chaki, yule ndege, nikamjaza rangi nyeusi. Haikupita nusu saa, mgongo wa kanga ukaanza kujikunja kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Mwalimu akaja, akabonyeza pembeni kwa ukucha, na ukucha ukazama.

"Mama, hii usiiguse tena leo."

Alinieleza vizuri. Rangi ya mafuta hukaukia juu kwanza. Ikiwa nzito, na hewa ina unyevu, ngozi ya juu inakauka huku chini bado kuna uji. Ukiongeza rangi nyingine, thina yake inapenya kwenye ile ngozi, ngozi inavimba, na kwa kuwa haina pa kwenda, inajikunja. Dawa yake ni kuiacha ikauke mpaka ndani, kama wiki mbili kwa hali ile ya mvua, kisha kuisugua kwa msasa, kufuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na kupaka upya, nyembamba.

Nilitaka kurudi nyumbani. Mwalimu akaniomba nikae nimsaidie jirani yangu, yule aliyenishikia fremu. Alikuwa amepata kiharusi mwaka uliotangulia. Mkono wa kulia ulikuwa umerudi, ila unatetemeka, na picha yake ilikuwa imefika kwenye nukta. Nukta za Tingatinga hazina huruma: brashi nyembamba, rangi iliyolegezwa kidogo zaidi, unagusa na kuinua. Ukikawia, inachuruzika.

Mwalimu akaleta ufito uliofungwa kitambaa nchani, akaulaza juu ya fremu toka ubao hadi ubao, juu kidogo ya picha. Mwenzangu akaegemeza kiganja juu yake. Kazi yangu ilikuwa kushikilia ufito usiteleze na kusogeza kopo. Nukta tatu za kwanza zilitoka kama machozi. Ya nne ikakaa. Kila safu tulisubiri, tukapuliza, tukazungumza. Nikajua kwamba alikuwa mkunga, kwamba tangu augue anakwepa harusi na misiba kwa sababu ya kupeana mikono, na kwamba anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Saa sita ilifika twiga wa kwenye picha yake ana madoa shingo nzima, na mimi nilikuwa sijaongea kiasi kile na mtu asiye wa nyumbani tangu nihame.

Rangi ya mafuta haitoki kwa maji. Unamimina mafuta ya kula kiganjani, unasugua mpaka rangi iachie, ndipo unaingiza sabuni. Yeye alishindwa kusugua vidole vya kulia vilivyochoka, basi nikaushika mkono wake katikati ya mikono yangu nikausugua, kidole kimoja kimoja, mpaka nyeusi ya kwenye kucha ikatoka. Haukutetemeka.

"Mwenzangu," akasema akijifuta, "nipitie Jumamosi twende wote. Na msasa usinunue, ninao nyumbani."