Wasifu wangu ulinipatia kazi ya utafiti, ila si kwa kusomwa

Nilipoanza kutafuta nafasi ya utafiti chuoni nilipewa mawaidha ya kila aina. Nisubiri kwanza niwe na machapisho kumi. Nisiguse mada ambayo sikuisomea. Nisiwaandikie maprofesa moja kwa moja, "hawajibu hao". Nilipuuza yote, ingawa hilo la mwisho lilikaribia kuwa kweli kwa ujinga wangu mwenyewe.

Uzamivu wangu ni wa antena. Mawasiliano ya mwanga yasiyotumia waya, yaani Li-Fi, kutuma data kwa mwanga wa taa badala ya redio, nimeyaingia ukubwani, kama mtu anayejifunza baiskeli akiwa na ndevu. Kaka mmoja aliyenitangulia chuoni alinicheka sana. "Hiyo Li-Fi ni fasheni tu, itapita." Fasheni gani hiyo? Alexander Graham Bell alirusha sauti kwa mwanga wa jua mwaka 1880, umbali wa mita 200 na ushei, na mwaka 2023 IEEE, chama cha wahandisi kinachoweka viwango vya Wi-Fi, ikaitolea Li-Fi kiwango kizima, 802.11bb. Fasheni ya miaka mia na arobaini!

Barua pepe zangu za mwanzo zilikuwa thelathini na kitu, mwili mmoja, jina tu ndilo likibadilika. Moja nilisahau hata kubadilisha hilo jina. Jibu lilikuja kwa mstari mmoja: "Nadhani ulimkusudia mwenzangu." Nilifunga kompyuta siku mbili.

Iliyozaa matunda ilikuwa na mistari saba, tena juu ya mchoro mmoja tu katika makala ya profesa. Taa nyeupe ya LED kwa kawaida ni chipu ya buluu iliyofunikwa fosfori, unga unaogeuza sehemu ya buluu kuwa njano, na hiyo fosfori ni mvivu. Ukiwasha na kuzima upesi upesi, buluu inafuata, njano inaburuta miguu. Weka kichujio kinachopitisha buluu tu mbele ya kipokezi, unapata kasi, lakini mwanga mwingi umeutupa. Nikamuuliza kama kwa umbali ule wa kwenye mchoro kichujio bado kilikuwa na faida. Swali langu lilikuwa na kosa la hesabu, naye akalisahihisha kwa furaha ya wazi kabisa. Ndipo tulipoanza kuongea. Miezi kadhaa baadaye nafasi ikatangazwa, akaniambia niombe kama wengine.

Usaili sasa. Nilitengeneza kionyesho: simu inapiga wimbo, wimbo unatikisa mwanga wa LED, paneli ndogo ya sola niliyoing'oa kwenye taa mbovu ya bustani inaupokea na kuupeleka kwenye spika. Vyote havikufika bei ya viatu nilivyovaa siku hiyo. Chumbani kwangu, usiku, taa nimezima ili nijione kama mchawi, wimbo ulitoka safi.

Chumba cha usaili kilikuwa na taa dari nzima. Nikaunganisha, nikatabasamu, nikawasha. Mmmmmmmm. Mvumo mtupu, kama friji kongwe. Wimbo uko huko ndani unazama.

Kilichotokea nilikijua vizuri, na hilo ndilo liliniuma. Umeme wa hezi 50 unafanya taa nyingi zipepese mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, paneli inaona yote. Dawa yake ni kapasita ndogo ya kuzuia masafa ya chini isiingie kwenye ampilifaya. Ninayo. Ilikuwa juu ya meza. Nyumbani. (Ukifanya mazoezi, washa taa zote ulizonazo, tafadhali.)

Wasaili wanne wananitazama. Mkononi nina wasifu wangu, kurasa nne. Sijui nilitoa wapi uthubutu, ila niliukunja ukawa bomba, nikausimamisha juu ya paneli, nikaulenga kwenye LED yangu. Mvumo ukashuka papo hapo, wimbo ukaibuka. Ulibaki mlio wa mbali, kama mzinga wa nyuki wa jirani, lakini maneno yalisikika. Mwenyekiti alicheka hadi akavua miwani. Mimi nikajisemea, hii ndiyo kazi ya kwanza ya maana ambayo huu wasifu umewahi kufanya.

Kisha mama mmoja aliyekuwa kimya muda wote akauliza, "Umepata. Je, umepoteza nini?"

Swali tamu hilo. Nikalisogeza bomba pembeni kidogo, wimbo ukakatika. Nikamwambia, "Nimepoteza upana wa kuona, mama. Kipokezi sasa kinaona taa yangu peke yake, ila mtumiaji akigeuza simu, mawasiliano yamekwisha. Ukipanua, unakaribisha taa za watu wote." Tulibishana hapo dakika ishirini: kipokezi kimoja au vingi vinavyotazama pande tofauti, lenzi au hapana. Slaidi zangu hazikufunguliwa. Machapisho hakuuliza mtu, na nilikuwa nayo mawili tu.

Mkataba ni wa miaka miwili. Wiki ya kwanza ofisi ya utumishi ikanipigia simu: wanaomba nakala nyingine ya wasifu, ile ya usaili imekataa kulala bapa ndani ya faili.