Mguu wa mashine ulivyoliwa na chumvi, na nilivyouponya

Boti yangu hulala Sahare, hapa Tanga. Siku moja niliona rangi ya mguu wa mashine, ile sehemu ya aluminiamu inayozama majini, imevimba karibu na panga boi. Nikakwangua: unga mweupe na vishimo, kimoja kinaingia ncha ya kidole.

Nilipotazama kipande cha zinki nikashtuka. Kilikuwa kizima! Zinki huwekwa iliwe yenyewe, aluminiamu ipone. Fundi aliyeupaka mguu rangi aliipaka na zinki, ikawa haina kazi tena.

Nilisugua kwa msasa mpaka aluminiamu ing'ae. Brashi ya chuma niliikataa, maana chembe zake hubaki na kuanzisha ulaji upya. Nikasuuza kwa maji ya kisima, nikakausha vizuri, nikaziba vishimo kwa epoksi (gundi inayokauka ikawa ngumu), kisha praima ya aluminiamu, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha, kisha rangi yenyewe. Jamani, ile rangi ya chini ya boti yenye shaba msiipake hapa, inakula aluminiamu vibaya sana. Zinki mpya nikaifunga tupu, imegusa aluminiamu tupu.

Oili ya gia, iliyomo ndani ya mguu, ilitoka safi, alhamdulillahi. Ingekuwa nyeupe kama maziwa, maji yangekuwa yameshaingia ndani.

Sasa nikirudi nainua mguu nje ya maji na kuusuuza. Zinki ikiliwa nusu, nabadilisha.